Jinsi MRI inavyoonyesha iwapo tiba ya saratani ya kichwa na shingo imefaulu

MGONJWA wa saratani ya kichwa na shingo anapomaliza tiba ya mionzi, huwa na swali moja kuu: je, ugonjwa umekwisha? Jibu lake halipatikani kwa kupapasa shingo na kutazama kinywa peke yake. Mionzi huacha ngozi ikiwa ngumu na koo likiwa limefura, hivi kwamba hata daktari mwenye tajriba anaweza kushindwa kutofautisha kovu na mabaki ya saratani. Hapo ndipo mashine ya MRI, ambayo hupiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku, inapohitajika.

Kwa mkazi wa Isinya, Kitengela au Kajiado, swali hilo lina uzito zaidi. Isinya iko takriban kilomita 60 kusini mwa jiji la Nairobi, kwenye barabara kuu ya kuelekea Namanga, mahali ambapo barabara ya kutoka Kiserian huungana nayo. Wagonjwa wengi wa eneo hilo hupata tiba ya mionzi jijini, mathalan katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, au katika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambayo iko upande wa pili wa jiji. Tiba yenyewe aghalabu huchukua wiki sita hadi saba, siku tano kila wiki. Familia iliyokwisha kugharimika kiasi hicho kwa nauli, malazi na dawa haina pesa za kupoteza kwa skani isiyo na faida.

Na skani ya aina hii inaweza kukosa faida kwa sababu mbili ambazo huzungumzwa kwa nadra: ikifanywa wakati usiofaa, au ikikosa picha ya awali ya kulinganishwa nayo.

Saratani zinazohusika

Jina "saratani ya kichwa na shingo" hukusanya maradhi kadhaa: saratani ya kinywa na ulimi, ya koo, ya kisanduku cha sauti, ya pua na mianzi yake, ya tezi za mate, na ile inayoota nyuma kabisa ya pua, mahali pua inapokutana na koo. Saratani ya ubongo haimo katika kundi hili. Nyingi huanzia katika utando laini unaofunika sehemu hizo kwa ndani, kisha huenea hadi kwenye tezi za limfu zilizo shingoni.

Sigara, ugoro na pombe ndivyo visababishi vinavyojulikana zaidi, na mtu anayetumia tumbaku pamoja na pombe hujiweka katika hatari kubwa zaidi. Virusi pia vina mchango. Virusi vya HPV huhusishwa na saratani ya koo, hasa ya tezi za koo na shina la ulimi, ilhali virusi vya Epstein-Barr huhusishwa na saratani ya nyuma ya pua.

Maradhi haya yana historia ndefu katika kanda hii. Mwaka wa 1958, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi nchini Uganda, alieleza kuhusu saratani ya taya iliyowashambulia watoto. Sampuli kutoka Uganda ndizo zilizowawezesha watafiti jijini London kugundua virusi vya Epstein-Barr mwaka wa 1964. Nchini Kenya, daktari wa masikio, pua na koo Peter Clifford alichunguza saratani ya nyuma ya pua katika miaka ya 1960 na kuandika kuhusu uwezekano wa kuhusika kwa moshi wa kuni ndani ya nyumba za maeneo ya nyanda za juu.

Sumaku badala ya mionzi

Tofauti na eksirei na skani ya CT, MRI haitumii mionzi inayoweza kudhuru chembechembe za mwili. Mgonjwa hulala ndani ya sumaku yenye umbo la mtungi. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5 au 3, na ile ya tesla 1.5 huzidi nguvu ya sumaku ya dunia takriban mara 30,000.

Mwili wa binadamu umejaa maji, na ndani ya kila molekuli ya maji mna hidrojeni. Sumaku hiyo huvielekeza viini vya hidrojeni upande mmoja. Kisha mashine hutuma mawimbi ya redio yanayoviyumbisha, na vinaporejea mahali pake hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Misuli, mafuta, maji na saratani hurejea kwa kasi tofauti, na ndiyo maana huonekana tofauti katika picha.

Wazo la kutumia tofauti hizo kutambua saratani lilichapishwa na Raymond Damadian nchini Marekani mwaka wa 1971, baada ya kupima uvimbe wa panya. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2003 kwa kazi iliyowezesha ishara hizo kugeuzwa picha.

Katika kichwa na shingo, ubora wa MRI hudhihirika pale ambapo nyama laini zimesongamana na mifupa. Huonyesha vyema ulimi, mzizi wa fuvu, uboho wa taya na mishipa ya fahamu ambayo saratani inaweza kuifuata kama njia. Kwa sababu hiyo, MRI hupendelewa kwa saratani ya nyuma ya pua.

Neno moja, mambo mawili

Lugha ya Kiswahili hutumia neno "uvimbe" kwa mambo mawili: donge la saratani, na hali ya mwili kufura kwa sababu ya jeraha au maji. Katika mazungumzo ya kila siku, hilo si tatizo. Katika wiki za kwanza baada ya tiba ya mionzi, hata hivyo, mkanganyiko huo huo humkabili daktari anayesoma picha.

Mionzi huua chembechembe za saratani, lakini pia huchoma nyama nzima iliyo karibu. Mishipa midogo ya damu huvuja, maji hujaa katika utando wa koo, na eneo lote huonekana limefura na kung'aa katika picha. Mabaki ya saratani nayo yanaweza kuonekana vivyo hivyo. Isitoshe, donge lililokufa halitoweki siku ya mwisho ya tiba. Huendelea kunywea kwa wiki kadhaa.

Athari za kukosea hapa ni kubwa. Kidonda kinachopona kikidhaniwa kuwa saratani, mgonjwa anaweza kufanyiwa upasuaji wa shingo asiouhitaji. Hata kukata kipande cha nyama kwa ajili ya kupimwa maabarani si jambo la kufanywa kiholela, kwani nyama iliyopigwa mionzi hupona polepole na inaweza kugeuka kidonda sugu. Kwa upande mwingine, saratani iliyosalia ikidhaniwa kuwa kovu, fursa ya kuiondoa mapema hupotea.

Mwendo wa maji

Njia mojawapo ya kutatua utata huo ni aina ya picha za MRI zinazopima mwendo wa molekuli za maji ndani ya nyama. Wataalamu huiita DWI, na kipimo kinachotokana nayo huitwa ADC.

Siku ya mnada wa mifugo mjini Bisil, ng'ombe wakiwa wamesongamana zizini, mtu hupenya kwa shida. Mnada ukiisha na mifugo kuondolewa, hutembea atakavyo. Maji katika nyama yenye saratani hukabiliwa na msongamano kama huo. Chembechembe za saratani huwa nyingi na zimebanana, kwa hivyo maji husogea kidogo na kipimo cha ADC huwa chini. Tiba inapoziua, kuta zake hupasuka, nafasi huongezeka, maji husogea kwa urahisi na kipimo hicho hupanda.

Umuhimu wa jambo hili ni kwamba mabadiliko ya mwendo wa maji yanaweza kuonekana kabla ya donge kupungua kwa ukubwa. Nchini Ubelgiji, Vincent Vandecaveye na wenzake walichapisha mwaka wa 2012 utafiti kuhusu kutumia picha hizi wiki tatu tu baada ya tiba. Watafiti wengine wamepiga picha hizi hata katikati ya wiki za mionzi, kwa lengo la kutambua mapema wagonjwa ambao tiba haiwafai.

Hata hivyo, kipimo hicho kina upungufu wake. Thamani za ADC hutofautiana kati ya mashine moja na nyingine, na hakuna kiwango kimoja kinachokubalika kila mahali kuwa mpaka kati ya saratani na kovu. Linaloaminika zaidi ni badiliko ndani ya mgonjwa mwenyewe, yaani kipimo cha baada ya tiba kikilinganishwa na cha kabla yake, ikiwezekana kwa mashine ile ile.

Njia nyingine ni kumdunga mgonjwa dawa yenye madini ya gadoliniamu, ambayo hung'arisha sehemu zenye damu nyingi. Saratani hai hujijengea mishipa ya damu na hung'aa kwa haraka. Kovu lililokomaa huwa na damu kidogo, na katika baadhi ya picha huonekana jeusi. Msomaji wa picha hujumuisha dalili hizi zote badala ya kutegemea moja pekee.

Vipimo vya milimita

Katika tafiti za tiba, madaktari hutumia kanuni ziitwazo RECIST, ambazo toleo lake la 1.1 lilichapishwa mwaka wa 2009. Kwa mujibu wa kanuni hizo, jumla ya vipenyo vya madonge yaliyochaguliwa ikipungua kwa angalau asilimia 30, tiba huhesabiwa kuwa imefaulu kwa kiasi. Mathalan, donge la milimita 40 likipungua hadi milimita 28, kiwango hicho kimefikiwa. Jumla hiyo ikiongezeka kwa angalau asilimia 20 kutoka kipimo kidogo zaidi kilichowahi kurekodiwa, na ongezeko hilo lisipungue milimita tano, ugonjwa huhesabiwa kuwa umeendelea. Tezi ya limfu huhesabiwa kuwa imerudia hali yake ikiwa upana wake mfupi ni chini ya milimita 10.

Hesabu hizi zote haziwezekani bila kipimo cha kwanza. Ripoti inayosema "donge la milimita 18" haimwambii daktari lolote kuhusu tiba iwapo hajui kama donge hilo lilikuwa la milimita 50 au 15 hapo awali.

Wakati ufaao

Miongozo ya kimataifa hupendekeza skani ya CT au MRI kati ya wiki ya 8 na ya 12 baada ya tiba ya mionzi kukamilika, endapo hakuna dalili ya ugonjwa kuendelea. Skani ya PET, inayoonyesha jinsi chembechembe zinavyotumia sukari, husubiriwa hadi takriban wiki ya 12, kwani kabla ya hapo nyama inayopona nayo hutumia sukari nyingi na kuleta matokeo ya kupotosha.

Faida ya kusubiri ilidhihirishwa na utafiti uliofanywa nchini Uingereza kwa wagonjwa 564 na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2016. Wagonjwa wa kundi moja walipangiwa upasuaji wa kuondoa tezi za shingo. Wa kundi la pili walifanyiwa skani ya PET wiki 12 baada ya tiba, na waliopasuliwa ni wale tu ambao picha zao zilitia shaka. Muda wa kuishi haukuwa mfupi katika kundi la skani, lakini lilikuwa na upasuaji 54 pekee, ikilinganishwa na 221 katika kundi la kwanza. Ingawa chombo kilichotumiwa ni PET, funzo ni lile lile kwa MRI: picha iliyopigwa kwa wakati wake humwepusha mgonjwa na kisu.

Kusubiri huko hakumaanishi kukaa bila kuonwa. Mgonjwa anayevuja damu, anayepata donge jipya shingoni, anayeshindwa kupumua au ambaye maumivu yake yanazidi anapaswa kumwona daktari mara moja, bila kungoja wiki 12 ziishe.

Kuisoma ripoti

Hospitali nyingi huandika ripoti kwa maelezo marefu. Chuo cha wataalamu wa picha za tiba nchini Marekani kilibuni mfumo uitwao NI-RADS unaoyafupisha kwa nambari. Moja humaanisha hakuna dalili ya saratani na mgonjwa aendelee na ratiba ya kawaida. Mbili humaanisha kuna shaka ndogo, hivyo eneo lichunguzwe kwa macho au skani irudiwe mapema. Tatu humaanisha shaka ni kubwa na kipande cha nyama kipimwe. Nne humaanisha saratani imerejea bila shaka.

Iwe kwa nambari au kwa maneno, matokeo ya "shaka ndogo" si hukumu. Aghalabu hufuatwa na uchunguzi wa koo kwa kamera, skani ya PET au MRI nyingine baada ya wiki kadhaa. Kovu husalia lilivyo au hunywea. Saratani hukua.

Mipaka ya MRI

MRI haifai kila mahali. Kisanduku cha sauti husogea kila mtu anapopumua au kumeza, na picha huharibika. Hapo kamera ya kooni na skani ya CT husaidia zaidi. Meno yaliyozibwa kwa madini huweka kiwingu katika picha za kinywa. Ili kujua kama saratani imefika mapafuni, skani ya CT au PET hutumika. Tezi ya shingo inayotiliwa shaka inaweza kupimwa kwa gharama nafuu kwa mashine ya ultrasaundi huku sindano nyembamba ikichukua sampuli.

Aidha, mfupa wa taya unaweza kufa kutokana na mionzi, na hali hiyo inaweza kufanana na saratani katika picha. Hatari hiyo huongezeka jino linapong'olewa baada ya tiba. Ndiyo sababu meno mabovu hukaguliwa na kushughulikiwa kabla ya mionzi kuanza, jambo linalostahili kuzingatiwa Kajiado, ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi inayoharibu meno.

Maandalizi ya mgonjwa

Sumaku ya MRI haizimwi mgonjwa anapoingia wala anapotoka. Kila kitu cha chuma kinachoweza kuvutwa au kupata joto huachwa nje. Kwa jamii ya Wamaasai, hilo linahusu mapambo ya shanga yaliyofumwa kwa waya, bangili, na hereni zinazovaliwa kwa muda mrefu. Pambo lisiloweza kuvuliwa litajwe kwa mhudumu kabla ya mgonjwa kuingia chumbani.

Wachomeleaji vyuma wa jua kali, ambao ni wengi Kitengela, wanapaswa kueleza iwapo waliwahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni. Eksirei ya macho hupigwa kwanza. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au mwenye mrija wa chuma shingoni wa kupumulia, hana budi kusema. Mrija kama huo hubadilishwa kwa wa plastiki. Kabla ya dawa ya gadoliniamu, mgonjwa wa figo hupimwa damu.

Skani yenyewe huchukua takriban dakika 30 hadi 45. Mashine hupiga kelele nyingi, na mgonjwa huvalishwa vizibo vya masikio. Hutakiwa kutulia na kupunguza kumeza mate. Anayeogopa mahali pafinyu amwambie daktari mapema ili asaidiwe.

Gharama na kumbukumbu

Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Huduma za saratani hulipiwa kwa kikomo kilichowekwa kwa kila familia kwa mwaka. Ni vyema kuuliza hospitalini, kabla ya siku ya skani, iwapo idhini imetolewa na ni kiasi gani kimesalia, kwa kuwa tiba yenyewe huenda ilikwisha kumaliza sehemu kubwa ya fedha hizo.

Lililo mikononi mwa mgonjwa bila gharama kubwa ni utunzaji wa kumbukumbu. Karatasi ya ripoti pekee haitoshi. Msomaji wa picha anahitaji picha zenyewe, ambazo hospitali huweka katika diski au filamu. Mgonjwa aombe nakala ya picha za kabla ya tiba, aziweke pamoja na barua inayoonyesha tarehe ya mwisho ya mionzi, na azipeleke zote katika kila skani, hasa anapobadilisha hospitali. Aidha, daktari aandike kwenye fomu ya skani sehemu iliyotibiwa, aina ya tiba na tarehe zake.

Saratani za kundi hili zinaporejea, nyingi hurejea katika miaka miwili ya kwanza. Kwa hivyo kliniki huwa za karibu karibu mwanzoni: kila mwezi mmoja hadi mitatu katika mwaka wa kwanza, kila miezi miwili hadi sita katika mwaka wa pili, kisha kwa nafasi kubwa zaidi hadi mwaka wa tano. Si kila ziara huhitaji MRI. Picha ya kwanza baada ya tiba ikiwa safi, na mgonjwa asipate dalili mpya, daktari anaweza kuendelea kwa kumchunguza kwa macho, mikono na kamera, huku picha hiyo ikihifadhiwa kuwa kipimo cha kulinganishia chochote kitakachojitokeza baadaye.